Kinapoli si Kiitaliano kilichoharibika: tuzielewe "lahaja" za Italia

Februari 2024 msanii wa rap kutoka Napoli, Geolier, alipanda jukwaa la Sanremo, tamasha la nyimbo linalofuatiliwa Italia nzima, akaimba kwa Kinapoli. Alimaliza wa pili. Lakini maneno yalianza kabla hata hajaimba. Wapo waliouliza iweje wimbo ambao mtu wa Torino hauelewi ushindane kwenye tamasha la wimbo wa Kiitaliano. Na wapo Wanapoli wenyewe, waandishi wanaoienzi lugha ya kwao, waliolalamika kwamba mashairi yale yameandikwa hovyo, irabu zimekatwa huku na kule.

Huku kwetu mjadala ule haukuvuma, ila mkanganyiko ni uleule. Malindi, Watamu na Kiwengwa wapo vijana waliokipata Kiitaliano kwa masikio tu, kwa kuongea na wageni wa hoteli, na haikosi mmoja atakayekwambia kwamba mgeni fulani Kiitaliano chake "kibovu" au "cha shamba". Wengine wametazama tamthilia za Napoli wakashangaa: mbona hata zikionyeshwa Italia kwenyewe zinawekewa maandishi ya Kiitaliano chini ya picha? Mwitaliano anahitajije tafsiri ya Kiitaliano?

Jibu ni kwamba wanaosikika mle hawasemi Kiitaliano. Ili hilo lieleweke, tupange maneno matatu kwanza.

Lugha sanifu ni ile iliyochaguliwa na kuwekewa kanuni kwa ajili ya shule, magazeti na ofisi. Lafudhi ni namna mtu anavyoitamka lugha: maneno ni yaleyale, sauti inamtaja atokako. Lahaja, kama tunavyoitumia neno hilo katika Kiswahili, ni tawi la lugha moja: Kimvita, Kiamu, Kipemba, Kimakunduchi. Waitaliano nao wana neno lao, dialetto, na kamusi hulitafsiri "lahaja". Hapo ndipo mguu unapoteleza. Mwitaliano anaposema dialetto ana maana ya usemi wa nyumbani wa mahali fulani, usio Kiitaliano sanifu, hata kama usemi huo ni lugha kamili yenye ukoo wake na sarufi yake. Hasemi kwamba usemi huo umetoka katika Kiitaliano. Sisi ndio tunaoelewa hivyo, na hata Waitaliano wengi wamekuja kuelewa hivyo.

Mfano ulio karibu nasi ni pwani ya Kenya. Kiswahili, Kigiriama, Kidigo na Kipokomo ni lugha za kundi moja ambalo wanaisimu huliita Sabaki, na Kingazija cha Komoro kimo humo pia. Mswahili akimsikia Mgiriama akisema madzi na mudzi, hachelewi kushika kwamba ni maji na mji. Mazungumzo yakikolea, anaachwa njiani. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayesema Kigiriama ni Kiswahili kilichopinda. Ni ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja amekua kwa njia yake. Sasa fikiria Kiswahili kingefanywa lugha ya shule na serikali, vizazi vikapita, na watu wakazoea kuviita Kigiriama na Kidigo "lahaja za Kiswahili" kwa sababu tu havina ofisi wala kitabu cha shule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Italia. Kinapoli, Kisisilia, Kivenezia, Kipiemonte na wenzao ni watoto wa Kilatini, kama Kiitaliano kilivyo mtoto wa Kilatini. Kiitaliano ni kaka yao aliyepewa kiti.

Kilatini chenyewe tusikiwaze kile cha vitabuni. Kilichozaa lugha hizi ni Kilatini cha sokoni, cha askari na wakulima, ambacho tangu zamani kilikuwa na tofauti za huku na kule. Dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka mwaka 476, barabara zikafa, biashara ikapungua, na kila bonde likabaki na watu wake. Milima ya Apennini inaipasua rasi ya Italia kuanzia juu hadi chini. Juu ya hayo, kwa zaidi ya miaka elfu moja hapakuwa na serikali moja: Sicilia ilitawaliwa na Waarabu, kisha Wanormani, baadaye Wahispania, Venezia ilikuwa jamhuri inayojitegemea yenye merikebu zake, Papa alikuwa na nchi yake katikati. Lugha zikaachwa zikue zitakavyo.

Na katika ndugu hao, Kifirenze, usemi wa mji wa Firenze ambao ndio uliokuja kufanywa Kiitaliano sanifu, hakikuwa cha kwanza kuandikwa mashairi mazuri. Karne ya 13, katika kasri la Federico wa Pili, mfalme wa Sicilia, kule kusini, waungwana waliandika mashairi ya mapenzi kwa Kisisilia, na soneti, umbo la shairi la mistari 14 ambalo baadaye lilienea Ulaya nzima, inahesabiwa kuwa kazi ya mmoja wao, Giacomo da Lentini. Mshairi Dante alizaliwa Firenze mwaka 1265, miaka kama 15 baada ya Federico kufa, naye aliwajua washairi wale na kuwaheshimu.

Dante huyohuyo aliandika kitabu kwa Kilatini, mwanzoni mwa miaka ya 1300, kuhusu lugha za watu wa Italia. Alihesabu 14, akazipitia moja moja akitafuta iliyo bora, na hakuridhika na hata moja, Kitoskana cha kwao, yaani cha mkoa wa Toscana uliko mji wa Firenze, kikiwemo. Humo kuna jambo dogo ambalo mimi hulipenda sana: anasema kwamba ndani ya mji mmoja wa Bologna, watu wa mtaa wa San Felice hawasemi sawa na watu wa Strada Maggiore. Hiyo ni mitaa ya mji mmoja, unaitembea kwa miguu. Anayedhani kwamba Italia ina mikoa 20 na kwa hiyo lahaja 20, ajibiwe na Dante. Mipaka ya mikoa ilichorwa na serikali; lugha zilikuwepo tayari, nazo hazikuulizwa. Mkoa wa Puglia peke yake unagawanyika: watu wa Bari usemi wao uko upande wa Napoli, na watu wa Salento, kule kwenye kisigino cha nchi hii yenye umbo la buti, wako upande wa Sicilia.

Basi kwa nini Firenze? Mji ulikuwa na mabenki na biashara ya sufi, na uko katikati ya nchi, lakini kilichotia uzito zaidi ni waandishi watatu wa karne moja: Dante, Petrarca na Boccaccio. Vitabu vyao vilisomwa kila mahali. Mwaka 1525 mwanazuoni Pietro Bembo, ambaye hakuwa hata mtu wa Firenze bali wa Venezia, akatoa hoja kwamba anayetaka kuandika vizuri afuate Petrarca katika ushairi na Boccaccio katika nathari, yaani afuate lugha ya watu waliokufa miaka 150 nyuma. Hoja yake ikashinda. Mwaka 1583 ikaanzishwa Accademia della Crusca, chama cha wataalamu wa lugha, kule Firenze, na mwaka 1612 ikachapisha kamusi. Tangu hapo Kiitaliano kikawa lugha ya karatasi: mtu wa Genova na mtu wa Palermo waliweza kuandikiana kwayo, lakini nyumbani kila mmoja alisema chake.

Italia ilipounganishwa mwaka 1861, ni watu wangapi walikijua Kiitaliano? Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria asilimia 2.5 hivi ya wananchi. Mwenzake Arrigo Castellani alipinga akasema ni karibu asilimia 10, kwa kuwa watu wa Toscana na wa Roma walikielewa bila kufundishwa. Shika hesabu yoyote utakayo. Bado wananchi tisa kati ya kumi walikuwa raia wa nchi ambayo lugha yake hawaisemi. Mfalme mwenyewe, Vittorio Emanuele wa Pili, alizoea Kipiemonte, na waziri mkuu wake Cavour alikuwa mwepesi zaidi kwa Kifaransa.

Sasa twende kwenye lugha zenyewe, maana uvumi wa "Kiitaliano kilichoharibika" haufi kwa historia pekee. Unakufa mtu akiyaona maneno.

Chukua "kufanya kazi". Kiitaliano sanifu ni lavorare. Piemonte, kaskazini kabisa, ni travajé. Sicilia, kusini kabisa, ni travagghiari. Napoli ni faticà. Hakuna namna ya kuiharibu lavorare ikawa travagghiari. Neno hili lina mzizi mwingine wa Kilatini, uleule uliowapa Wafaransa travailler na Wahispania trabajar. Wanapoli nao walichukua mzizi wa tatu, wa taabu na uchovu. Kila lugha ilichota yenyewe kisimani kwa mama.

Napoli kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi wa Sanremo. Katika Kiitaliano, jinsia ya neno inabebwa na irabu ya mwisho: kitu chekundu cha kiume ni rosso, cha kike ni rossa. Katika Kinapoli, irabu za mwisho zimefifia karne nyingi zilizopita, zikawa sauti hafifu ya katikati ya kinywa ambayo Kiswahili hakina. Ukisikiliza haraka utadhani hakuna kitu pale mwishoni. Je, mtu atajuaje ni cha kiume au cha kike? Irabu ile, kabla haijafifia, iliacha alama katikati ya neno: cha kiume ni russo, cha kike ni rossa. Angalia irabu ya kwanza, ndiyo inayosema. Vivyo hivyo chisto ni "huyu" wa kiume na chesta ni "huyu" wa kike. Huo ni utaratibu mkali ambao mtoto wa Napoli anaushika akiwa na miaka mitatu na mgeni anahangaika nao. Anayesema Kinapoli hakina sarufi hajawahi kujaribu kukisema.

Kwa hiyo swali la tahajia ni hili: irabu ya mwisho isiyosikika iandikwe au isiandikwe? Mapokeo ya fasihi ya Kinapoli, ambayo yana zaidi ya miaka 400, yanaiandika. Vijana kwenye simu wanaikata, kwa kuwa hawaisikii na hakuna shule iliyowafundisha. Mimi nawaelewa waandishi waliokasirika, lakini vijana siwezi kuwalaumu. Lugha isiyofundishwa darasani, kila kizazi huibuni upya tahajia yake.

Kaskazini mambo ni mengine. Milano irabu za mwisho, isipokuwa a, zimeanguka kabisa: gatto, paka dume, ni gatt, latte, maziwa, ni latt. Halafu kuna jambo ambalo msemaji wa Kiswahili atalipokea kama la nyumbani. Kiitaliano husema Giovanni canta, Giovanni anaimba, na kitenzi hakina kitu mbele yake. Mmilano husema el Giovann el canta: ile el ya pili inasimama mbele ya kitenzi ingawa Giovanni ameshatajwa, kama ile a- ya "Giovanni anaimba". Nayo kanusho linakuja nyuma ya kitenzi. Kiitaliano kwa "siimbi" ni non canto, Kimilano ni canti minga.

Sicilia nako, kati ya zile irabu saba za silabi yenye mkazo katika Kiitaliano sanifu, wanazo tano tu, idadi ileile tuliyo nayo sisi. Amore ni amuri, sole ni suli, sera ni sira. Kutokana na utawala wa Waarabu, ulioanza mwaka 827 na kukoma mwishoni mwa karne ya 11, kisiwa kina maneno mengi ya Kiarabu. Zibibbo, aina ya zabibu, ni ndugu wa moja kwa moja wa neno letu.

Kisardinia kimekwenda mbali kuliko wote, na hapa hata Waitaliano wabishi hukubali kwamba ni lugha nyingine. Nyumba si casa bali ni domo, neno la Kilatini cha kale lililobaki kisiwani wakati kwingine lilitupwa. Mia ni chentu, kwa sauti ya k mwanzoni kama walivyotamka Warumi, wakati Kiitaliano ni cento kwa sauti yetu ya ch.

Wataalamu huchora mstari kutoka La Spezia, pwani ya magharibi, hadi Rimini, pwani ya mashariki. Juu ya mstari huo lugha zinafanana zaidi na zile za Ufaransa, chini yake ni dunia nyingine. Mstari si ukuta. Ni mahali ambapo tofauti nyingi zinakutana pamoja. Mkulima wa Bergamo na mvuvi wa Reggio Calabria wakiamua kila mmoja aseme cha nyumbani kwao, hawataelewana.

Mbona basi mtalii wa Bergamo na wa Calabria wanapiga soga vizuri tu kando ya bwawa la hoteli Watamu? Kwa sababu pale hawasemi cha nyumbani. Wanasema Kiitaliano, kila mmoja kwa rangi ya kwao. Wanaisimu huiita rangi hiyo Kiitaliano cha kimkoa, nacho kisichanganywe na dialetto. Ni Kiitaliano kabisa, kina lafudhi na maneno machache ya mahali. Tikitimaji kaskazini ni anguria, Toscana na Roma ni cocomero, Napoli ni melone d'acqua. "Sasa" ni adesso kwa mtu wa kaskazini, ora kwa Mtoskana, mo kwa Mroma. Mtu wa Milano aliyekula jana au miaka kumi iliyopita atasema ho mangiato. Msisilia aliyekula asubuhi hii anaweza kusema mangiai, umbo la kitenzi ambalo mwenzake wa Milano hulikuta vitabuni tu. Kijana wa Kiwengwa anayesikia yote haya na kudhani mmoja wao amekosea, asimhukumu yeyote.

Kuna na imani kwamba watu wa Firenze husema Kiitaliano safi kuliko wote. Si kweli. Kilichosanifiwa ni Kifirenze kilichoandikwa miaka ya 1300, kisha Wafirenze wakaendelea kuishi na ndimi zao zikaendelea kubadilika. Leo la casa, nyumba, kwao hutoka la hasa, k imegeuka pumzi. Kamusi haikubali, na wao hawajali.

Kiitaliano kiliingia majumbani polepole. Jeshi liliwachanganya vijana wa kila pembe, hasa katika mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Shule iliwafikia wengi zaidi mwaka hadi mwaka, na mara nyingi ilimwaibisha mtoto aliyesema cha kwao. Baada ya vita ya pili wakulima wa kusini walihamia kwa mamilioni kwenye viwanda vya Torino na Milano, wakajikuta na majirani wasioelewana nao ila kwa Kiitaliano. Na Januari 3, 1954 televisheni ya taifa, RAI, ilianza matangazo. Kati ya 1960 na 1968 mwalimu Alberto Manzi alifundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kioo cha televisheni, ubao nyuma yake, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wazee waliokusanyika mahali palipokuwa na seti moja. Wazazi wa miaka hiyo, wakitaka watoto wao wasichekwe, wakaanza kuwasemesha Kiitaliano hata kama wao kwa wao walisema Kinapoli au Kivenezia. Ukataka kujua lugha inavyokatika, ni hapo: mtoto anaelewa kila kitu bibi anachosema, naye anajibu kwa lugha nyingine.

Takwimu za Istat, idara ya takwimu ya Italia, za mwaka 2015 zinaonyesha kwamba asilimia 45.9 ya watu wenye umri wa kuanzia miaka 6 walitumia Kiitaliano peke yake au zaidi nyumbani, asilimia 32.2 walichanganya Kiitaliano na dialetto, na asilimia 14 walitumia dialetto zaidi. Kwa hiyo anayesema lahaja za Italia zimekufa amekosea, na anayesema ziko salama amekosea pia. Atlasi ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini inazitaja Kipiemonte, Kilombardi (ambacho Kimilano ni tawi lake) na Kisardinia miongoni mwa zilizo hatarini kabisa; Kisisilia na Kivenezia zina nafuu kidogo. Kivenezia kimepata makao mengine ng'ambo: wahamiaji walikipeleka kusini mwa Brazili karne ya 19, na huko kinaitwa Talian.

Sheria nayo imeongeza mkanganyiko. Katiba ya Italia haikuandika kwamba Kiitaliano ni lugha rasmi. Iliyosema hivyo waziwazi ni sheria namba 482 ya mwaka 1999, na sheria hiyohiyo ilizipa ulinzi jamii za lugha ndogo 12, zikiwemo Kisardinia, Kifriuli, Kiladini, Kialbania, Kigiriki, Kikatalani na Kifaransa. Kinapoli, Kisisilia, Kivenezia na Kilombardi, zenye wasemaji wengi mara nyingi zaidi ya hao, hazimo. Kiisimu hakuna kipimo kinachokipa Kifriuli jina la lugha na kukinyima Kisisilia. Kura za bunge ndizo zilizoamua. Nionavyo mimi, huko ni kuwaonea watu ambao mababu zao walitunga soneti kabla Firenze haijaandika lolote la maana.

Kwa anayejifunza Kiitaliano huku kwetu, awe wa hoteli, wa chuo au anayejiandaa kwenda kusoma Bologna au Padova, njia ni moja: ajifunze Kiitaliano sanifu, ataeleweka kuanzia milima ya Alpi hadi Lampedusa. Akifika, masikio yake ayape miezi michache kuzoea lafudhi ya mahali. Akikaa na familia na akaona wazee wanaongea kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chake chochote, asiwaombe "waseme vizuri". Awaulize wanaitaje mkate, maji, mvua. Watamfundisha kwa furaha, na huenda mjukuu aliyekaa pembeni na simu yake akawa anayasikia baadhi ya maneno hayo kwa mara ya kwanza.